Kioo Kidogo, Kioo Kikubwa

Nyumbani kwa Ruthu Mazengo, mtaa wa Nkuhungu, palikuwa na ubishi mmoja uliodumu kuliko sufuria za ndani: ni gemu ipi iliyokuwa ikimla macho? Binti yake Gladness, anayesoma chuo, alisema ni ile ndogo ya mkononi. Mudrick, kijana wa Kondoa mwenye banda la gemu nyuma ya mashine ya kusaga, naye alisema ni ile ndogo, na dawa yake ni kubwa ya kwenye TV. Mama mzazi wa Ruthu, Mama Damari wa kule Gulwe, alisema ni zote mbili, na kwamba mwanamke wa miaka arobaini na kitu anayecheza gemu amelaaniwa, au yu njiani kulaaniwa. Kila mmoja alikuwa na ushahidi wake. Macho yenyewe hayakuulizwa.

Ruthu hakuwa na hamu ya kubishana. Alitaka jambo moja tu, afike mwisho wa safari ya ndani ya gemu kabla macho hayajamwishia.

Ile ndogo aliipatia Mpwapwa, alipokuwa mfanyakazi wa ndani kwa Haruka, dada wa Kijapani aliyekuja kufundisha mambo ya malisho ya mifugo. Haruka alikuwa na kimashine kinachofunguka na kufungika kama kasha la miwani, chenye vioo viwili ndani. Akimaliza kazi alikaa barazani akicheza gemu ya kwao iliyotafsiriwa kwa Kiingereza, maana alisema ndiyo njia pekee ya kujifunza Kiingereza bila kusinzia. Ruthu alikuwa na kidato cha nne chake na Kiingereza cha kuungaunga. Wakawa wanakaa wawili mkekani, kamusi katikati, wakisaidiana kusoma. Mkataba ulipokwisha Haruka alikumbatia kila mtu, akalia, akamwachia Ruthu masufuria, vyandarua na kile kimashine.

Haikuwa gemu ya mpira wala ya kukimbizana na magari. Ni gemu ya safari. Watu wanne wanabeba kengele iliyokuwa imeibwa, wairudishe kwenye mnara wake juu ya mlima, na njiani kuna nyumba za wageni, maduka ya dawa na mapanga, na mazimwi ya kila namna. Vita vyake vina adabu: unapiga, unangoja, unapigwa, unajitibu, unapiga tena. Kila mtu humo ana maneno ya kusema, kuanzia mfalme hadi muuza maji, na usiposoma umepotea. Vijana wa bandani kwa Mudrick, ambao kwao gemu ni mpira na basi, waliiita gemu ya kusoma, wakamhurumia mtu mzima anayejitungia mtihani mwenyewe.

Kilichomteka Ruthu ni kwamba wale wanne uliruhusiwa kuwabatiza. Mwenye upanga alimwita Mazengo, jina la marehemu baba yake, ambaye maisha yake yote hakushika silaha zaidi ya fimbo ya ng'ombe. Msichana wa upinde akawa Gladi. Bingwa wa moto akawa Haruka. Na mganga wa kundi, yule anayewainua wenzake wakianguka, akamwita Damari. Jina jingine lisingefaa, maana mikono ya mama yake ndiyo iliyomtibu tangu alipokuwa msichana.

Mikono hiyo inahitaji maelezo. Gulwe ya utoto wa Ruthu ilikuwa na vumbi, ng'ombe na inzi, na maji ya kuchimbua kwenye mchanga wa korongo. Uso ulinawishwa maji yakibaki, na hayakuwa yakibaki. Watoto walikuwa na macho mekundu yenye usaha, vikope, na hakuna aliyeuita ugonjwa kwa sababu kila mtoto alikuwa nao. Mtu akishakuwa mkubwa, kope zilianza kumchoma machoni kama mchanga, na hapo wanawake wa ukoo walikuwa na dawa yao, kibano. Cha Mama Damari kilikuwa kipande cha bati kilichokunjwa na kunolewa juu ya jiwe, alichorithi kwa mama yake. Mgonjwa analaza kichwa mapajani kwa mama, uso juani. Mama anang'oa kope zinazochoma, moja baada ya nyingine, na kila akitoa moja anapuliza jichoni kupoza. Maumivu yanakwisha pale pale. Zikiota tena, ngumu kuliko mwanzo, unarudi mapajani. Bibi yake Ruthu alitibiwa hivyo mpaka akafa. Alikufa kipofu, lakini alikuwa mzee, na wazee hupofuka, kwa hiyo hakuna aliyeuliza.

Serikali ilipohamia Dodoma na nyumba zikaanza kuota Nkuhungu kila mahali, Ruthu akahama na binti yake, akapata kazi ya kulinda geti la hosteli moja ya wasichana. Kazi ya kukaa. Hapo kimashine kilipata mahali pake. Gari likija, anakifunga na safari inalala. Gari likipita, anakifungua, na Mazengo na wenzake wako pale pale alipowaacha, hawajanuna wala hawajaondoka. Baba yake Gladness hakumngoja hivyo, wala kazi yoyote aliyowahi kufanya. Miaka ikaenda, naye akaenda nayo, kijiji kwa kijiji na zimwi kwa zimwi, hadi akasimama chini ya mnara wenyewe.

Juu ya ngazi kulikuwa na zimwi la mwisho, nalo kazi yake ilikuwa ulinzi wa geti, jambo lililomchekesha Ruthu siku ya kwanza. Siku zilizofuata hakucheka. Kabla ya kila pigo kubwa, zimwi hilo lilitoa kasentensi kafupi chini ya kioo, na kasentensi hako ndiko kalikokuambia ujikinge na moto au na barafu. Ruthu hakuweza kukasoma. Herufi zilikuwa zimeingia ukungu. Akipepesa macho ili yasafike, machozi yanamwagika, na wakati anajifuta, Mazengo amekwisha anguka. Damari anamwinua, wote wanaanguka tena. Alirudia mpaka akaijua kwa moyo sauti ya kushindwa.

Gladness alimkuta getini siku moja kimashine kikiwa karibu kugusa pua.

"Mama, be serious. Hiyo screen ni ndogo kama kiberiti. Ndiyo inakumaliza macho."

"Yananichoma tu. Jumapili nitakwenda kwa bibi yako anitoe kope."

"Kope! Kope zinahusianaje na kutokuona? Ni mwanga wa hicho kidude. Screen ndogo inachosha macho, hata research zinasema."

Hakuna aliyemfundisha hivyo chuoni. Alisoma mahali kwenye simu. Lakini alilisema kwa ile sauti ya chuo, na Ruthu alikuwa amemlea mtoto kwa taabu zote zile ili siku moja azungumze kwa sauti ya namna hiyo. Angewezaje kutoiamini?

Mudrick ndiye aliyekamilisha. "Mama Gladi, gemu yako hiyo hiyo ipo ya kwenye TV. Wameitengeneza upya. Maandishi makubwa kama bango la barabarani, na watu wanaongea kabisa kwa midomo yao." Vijana wake walikuwa wamekwisha hamia kwenye mashine mpya, ile ya zamani ilikuwa inakusanya vumbi. Wakabadilishana na redio kubwa ya Ruthu, na Mudrick mwenyewe akaja kufunga nyaya.

Siku ile Ruthu alisoma kila neno. Alisoma ya mfalme, ya muuza maji, akasoma hata matangazo ya mwanzo ambayo hakuna binadamu anayeyasoma, na akalia kwa furaha. Gladness akapiga simu. "Si nilisema?" Mudrick naye akasimama mlangoni mikono kiunoni. Ndipo walipopotea wote watatu, kwa sababu maandishi makubwa humfaa yeyote aliyeanza kupofuka, ugonjwa wake uwe ni nini. Wao walidhani wamepata jawabu. Kikulacho ki nguoni mwako, ila watu wakishapata mchawi wa kumshika, nani atakung'uta nguo?

Furaha ile nayo ilikuwa na kasoro. Safari ya kwenye kioo kidogo haikuhamishika kwenda kwenye kikubwa. Ilibidi aanze upya, kengele haijapatikana, mlima hauonekani hata kwa mbali. Tena humo watu walikuwa wamekwisha batizwa. Kwa kuwa waliongea kwa sauti, majina yao yalikuwa yamefungwa, na mahali pa Mazengo palikuwa na kijana mwenye nywele za bluu aitwaye Orin. Mganga alikuwa kabinti kanakokohoa kohoa kwa maringo. Ruthu alimvumilia tu. Na TV haiendi getini. Alicheza siku za mapumziko, umeme ukiwepo, na humo huwezi kuihifadhi safari mpaka ufike nyumba ya wageni, kwa hiyo umeme ukikatika njiani, yote uliyotembea yamepotea. Kioo kidogo kilikuwa kikimngoja yeye. Kikubwa yeye ndiye aliyekingoja.

Katikati ya siku hizo gari la matangazo lilipita Nkuhungu, kipaza sauti juu, likisema madaktari wa macho wamekuja kituo cha afya, kwamba wote waliowahi kuugua vikope na ambao kope zao zimegeukia ndani waende wapate upasuaji mdogo wa kope, bure. Ruthu alikuwa na padi ya kuchezea gemu mkononi. Nyumba ya wageni ilikuwa ng'ambo ya mto, na siku hiyo umeme haukuwa wa kuaminika. Akaongeza sauti ya TV.

Zaitun, mhudumu wa afya wa mtaa, hakutosheka na kipaza sauti. Alibisha hodi.

"Dada Ruthu, na wewe si wa Gulwe? Nakuona kila siku unajifuta machozi pale getini."

"Yangu yalikuwa ya skrini, dada. Nimeshabadilisha, sasa naona vizuri. Na kope mama ananing'oa."

"Kung'oa si kutibu. Zikiota zinakuja na ncha kama sindano, zinakwangua jicho. Nenda wakuangalie tu, hata kama hutaki kisu."

"Nitakuja, dada. Asante sana."

Hakwenda. Aliogopa kisu karibu na jicho, na hilo lisimfanye mtu amcheke, maana hata wenye ndevu waliogopa. Lakini zaidi ya woga, kwenda kule kungekuwa ni kumwambia mama yake kwamba mikono yake haikuwa na faida, yake na ya bibi, na miaka yote ile ya mapajani juani ilikuwa ya bure. Na kwa nini aseme neno baya hivyo, wakati jawabu lilikuwa limeshapatikana, liko pale mezani, limechomekwa ukutani? Madaktari walimaliza siku zao, wakafunga mizigo, wakaenda wilaya nyingine.

Kisha herufi kubwa nazo zikaanza kuingia ukungu. Ruthu akasogeza kiti. Mudrick akasema asikae karibu, ukaribu ndio unaoharibu. Gladness akasema mwanga upunguzwe. Wakapunguza. Wakaongeza. Mudrick akaanza kuishuku TV yenyewe kuwa imezeeka. Kila Ruthu alipokwenda Gulwe, Mama Damari alimng'oa kope huku akisema ni vidude tu hivyo, vidude, vitupe. Akitoka pale jicho limepoa, na kwa siku chache alishawishika kwamba anaona. Kiti kikasogea mpaka goti likagusa meza, na Orin wa nywele za bluu bado alikuwa mbali na mlima.

Mwisho wa ubishi ulikuja getini, mchana kweupe. Msichana alisimama mbele ya Ruthu, naye akachukua kalamu kama ilivyo desturi ya kazi.

"Karibu. Jina lako nani, na unamtembelea nani?"

Msichana akacheka. Akangoja mama naye acheke. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, kalamu tayari, akingoja jina.

"Mama," Gladness alisema. "Mama, ni mimi."

Hospitalini daktari wa macho, mama mmoja mpole, alimgeuza Ruthu ukope kwa kijiti chenye pamba, akamulika kidogo, akageuza wa pili. Hakuchukua muda wowote. Kinachouma ni kwamba hakuchukua muda wowote.

"Ni vikope vya zamani," alisema. "Kope zimegeukia ndani, kila ukipepesa zinakwaruza jicho. Mahali zilipokwaruza pameweka kovu jeupe. Ulikuwa unazing'oa?"

"Mama ananing'oa."

"Zikiota upya ndiyo zinakata zaidi. Tutazigeuza nje, maumivu yataisha. Ila kovu lililokwisha ingia halitoki, mama. Sitakudanganya. Ungekuja mapema, tungekuwa tunazungumza mengine."

Ruthu akageukia sauti ya daktari. "Kwa hiyo gemu haikuwa na kosa?"

"Gemu gani?" daktari aliuliza.

Gladness alikuwa amegeukia ukutani, amejiziba mdomo kwa mkono. Alikuwa msomi, na alikuwa amemwondoa mama yake kwenye kioo kidogo kwa ushahidi wa simu. Hata leo ukimtajia neno research huondoka.

Kope zikageuzwa. Kuchoma kukakoma kweli, kwa mara ya kwanza tangu ujana wake, na Ruthu akabaki na macho yasiyouma na yasiyoona zaidi ya mwanga na kivuli cha mtu. Geti la hosteli likapewa mlinzi mwingine, kwa heshima zote na kwa haraka. Mudrick alikuja kuikagua TV, akakaa, akachomoa nyaya zake taratibu kama mtu anayeondoka msibani. Redio alimrudishia.

Jioni moja Gladness akakitoa kimashine kabatini, akakichaji. "Mama, ngoja nikumalizie. Umebakiwa na lile moja tu, si ndiyo?"

Ruthu akakaa kwenye mkeka, mikono tupu. Alisikia muziki wa mnara, akasikia lile zimwi likianza. Macho ya miaka ishirini na moja yalisoma kile kisentensi bila kufikiri, moto, barafu, moto, na vita alivyoshindwa Ruthu msimu mzima vikaisha kabla chai haijapoa. Kisha muziki ukabadilika, mzuri, wa polepole, ambao hakuwahi kuusikia.

"Wamefika?"

"Wamefika, mama."

"Wanasema nini?"

"Wanapeana pongezi tu. Maneno mengi."

Na hapo Ruthu alisikia kitufe, tik, tik, tik, haraka haraka, maneno yakirukwa. Alikijua kitufe kile kuliko alivyoijua sauti yake mwenyewe. Kila tik ilikuwa mtu anasema jambo ambalo Ruthu alitembea miaka kulisikia: Mazengo, Damari, hata yule muuza maji. Gladness hakuwa na nia mbaya. Alikuwa analia, na alitaka jambo lile liishe.

"Kengele imelia?" Ruthu aliuliza.

"Imelia. Hukuisikia?"

"Nimeisikia," alisema Ruthu, ambaye hakusikia kitu. "Asante, mwanangu. Kichukue, kiwe chako."

Kabla ya masika Gladness alimpeleka Gulwe akae na bibi, maana Nkuhungu pa kukaa mtu asiyeona peke yake hapakuwepo. Alimfikisha uani, akamwamkia bibi bila kumweleza lolote, akawahi basi la kurudi chuoni kwa sababu ya mitihani. Mama Damari alikuwa amekaa kwenye ngozi juani. Ruthu akamfuata kwa sauti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Lete kichwa."

Njia nzima Ruthu alikuwa amejipanga kumwambia. Alikuwa na maneno ya daktari yote, kovu, kukwaruza, mapema. Lakini paja lilikuwa pale pale, linanukia moshi na samli kama zamani, na miguu yake ikamlaza yenyewe. Vidole vya mama vikapapasa ukope, maana Mama Damari naye siku hizi alifanya kazi kwa kupapasa zaidi ya kuona. Kibano kikaja, baridi, kikatafuta huku na huku.

"Hakuna," mama alisema kwa mshangao. "Hakuna hata moja! Na kile kidude kiko wapi?"

"Nimempa Gladness."

"Unaona sasa? Unaona? Mimi nilisema nini? Wote mlikuwa mnabishana, kidogo, kikubwa, mimi nikasema vitupeni." Alicheka kwa sauti, akampigapiga bega kwa furaha. "Umepona, Ruthu. Mungu mkubwa. Bibi yako hakupona."

Ruthu alikuwa na uchungu. Alikuwa na hasira pia, hasira ya kweli, juu ya mikono ile iliyokuwa inampigapiga bega, na alimpenda mwenye nayo kuliko mtu yeyote. Akasema, "Ndiyo, mama."

"Basi inuka, sasa zamu yangu. La kulia linanichoma tangu juzi, na watoto wa hapa mikono yao mibaya."

"Mama, wapo madaktari. Wanazigeuza, haziumi. Twende Mpwapwa, nitakusindikiza."

"Madaktari wa nini, nami nina mtoto mwenye macho?"

Akamwekea kibano kwenye kiganja, akakifunga kwa vidole vyake mwenyewe. Kisha akajilaza, kichwa cheupe mapajani kwa binti yake, akageuza uso juani, akangoja. Ruthu aliinama mpaka akausikia uso wa mama yake chini ya uso wake. Palikuwa na mwanga, na kivuli ndani ya mwanga.

"Mbona huanzi?" mama aliuliza.

Ruthu akafunga kibano hewani, mbali na jicho, kikalia kama kimeshika kitu. Halafu akapuliza jichoni, polepole, kupoza.

"Hiyo moja," alisema.